Lugha ya Barabarani na Gari Linalojiendesha: Mfano wa Kolo



Jina la Kolo, katika wilaya ya Kondoa, aghalabu hutajwa na wanaakiolojia. Katika vilima vilivyo jirani na kijiji hicho kuna michoro ya miambani ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na ambayo pamoja na mingine ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu waliochora, wanyama waliochorwa na rangi iliyotumika vimejadiliwa sana. Maana ya michoro yenyewe haijapatiwa mwafaka, kwa sababu ishara hudumu kwa mapatano ya wanaozitumia, na waliopatana juu ya ishara zile hawapo tena kuulizwa.

Chini ya vilima hivyo inapita barabara. Humo barabarani ishara nyingine, zilizo hai, hupelekwa kila siku kutoka gari hadi gari, na wanaozijua wapo, wanakunywa chai kando ya njia na wanaweza kuulizwa. Mhadhara huu unahusu ishara hizo na maneno yanayozizunguka. Unahusu pia kompyuta, kwa sababu ni katika kompyuta ambamo barabara za kesho zinaanza kuchorwa, na mchoraji mara nyingi ni mwanafunzi.

Katika vyuo vingi vya uhandisi duniani pana aina ya utafiti inayopendwa na wanafunzi. Mwanafunzi huiweka barabara katika kompyuta, huijaza magari ya kuigiza, kisha huondoa sehemu ya magari hayo na kuweka mahali pake magari yanayojiendesha yenyewe, yasiyohitaji dereva. Baada ya hapo huhesabu: je, mtiririko umekuwa mwepesi zaidi? Foleni imepungua? Utafiti huo hauhitaji gari hata moja. Unahitaji kompyuta ya kawaida na programu, na programu mojawapo iliyoenea zaidi, SUMO, ambayo Kituo cha Anga cha Ujerumani kilianza kuiunda mwaka 2001, hutolewa bure. Kwa hiyo mwanafunzi wa Dodoma hana sababu ya kuachwa nyuma na mwenzake wa Berlin. Anachoweza kukikosa ni maelezo ya barabara yake mwenyewe, na hapo ndipo mwanaisimu anapoingia.

Barabara ya Kolo

Barabara inayopita Kolo ni sehemu ya ile iliyoitwa na wakoloni Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Kwa miongo mingi kipande cha kati ya Dodoma na Babati kilikuwa cha udongo. Masika yalipokolea, wasafiri wengi wa Dodoma kwenda Arusha walizunguka kwa Singida au kwa Chalinze. Lami ilikamilika katika muongo wa 2010, na mwezi Aprili 2018 Rais John Magufuli aliizindua rasmi barabara hiyo ya kilometa 251 mjini Kondoa.

Kiisimu, eneo hili lina jambo la pekee. Warangi ni Wabantu. Waburunge na Waalagwa husema lugha za Kikushi. Wasandawe walioko upande wa kusini-magharibi wana lugha yenye vidoko ambayo kwa muda mrefu iliwekwa katika kundi la Kikhoisani. Wabarbaigi, upande wa kaskazini, ni Waniloti. Ni nadra kukuta jamii za lugha za asili nne zikiwa jirani hivi, na wanaisimu wamekuja Kondoa tangu zamani kwa sababu hiyo. Wote hao, pamoja na dereva wa Mbeya anayepeleka mzigo Arusha na Mchaga anayerudi kutoka Dodoma, hukutana barabarani kwa Kiswahili. Lakini madereva wawili walio katika vyumba viwili vya vioo, kila mmoja akiwa katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa, hawawezi kusemezana kwa Kiswahili wala kwa Kirangi. Husemezana kwa taa, kwa honi, kwa mkono, na kwa matawi ya miti.

Trafiki, simulizi, foleni, msongamano

Kabla ya kufika kwenye taa, ni lazima kupita kwenye maneno, maana mwanafunzi anayetaka kueleza utafiti huu kwa Kiswahili hukwama katika sentensi ya kwanza. Anachokichunguza ni mwenendo wa magari mengi kwa pamoja. Neno la Kiingereza la jambo hilo tumelikopa tayari, lakini tumelikopa kwa maana nyingine: trafiki kwa Mswahili ni askari wa usalama barabarani. Anayeandika “mtiririko wa trafiki” huwachekesha wasomaji wake, kwa kuwa huwaonyesha kikosi cha polisi kikiteremka kama mto. “Mtiririko wa magari” watosha.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauchekeshi. Neno la Kiingereza la kuigiza mambo kwa kompyuta hufanana kwa sauti na simulizi, na tayari pamekuwapo na wenye kudhani kuwa ni neno lilelile. Simulizi ni nomino iliyotokana na kitenzi -simulia, na maana yake ni hadithi, masimulizi. Kufanana huko ni bahati tu. Kiswahili kina mzizi -ig- unaotosha kazi yote: -iga, kisha -igiza, ambalo limeshachukuliwa na watu wa tamthilia. Mhadhara huu unatumia uigaji, ukiuacha uigizaji jukwaani unakostahili kuwa.

Hayo ni masuala ya istilahi, na istilahi hupatikana kwa subira na vikao. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba maneno yaliyopo tayari yana nadharia ndani yake. Foleni limetokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kuwataka askari wajipange. Ndani ya neno hilo yuko mwenye kuamuru, na kuna mstari, wa kwanza na wa mwisho. Msongamano lina ukoo mwingine kabisa. Mzizi wake ni -song-, nao umebeba viambishi viwili: -am-, kinachoonekana pia katika -simama, -inama na -chutama na kinachoashiria kukaa katika mkao fulani, na -an-, cha kutendana. Wenzake ni mshikamano na mfungamano. Kwa hiyo msongamano ni hali ambayo vitu vimetiana wenyewe kwa wenyewe na kubaki humo. Hakuna mwenye kuamuru, na hakuna kizuizi kilichotajwa. Wanaosongana ndio sababu.

Mwaka 2008 timu ya wanafizikia wa Kijapani iliyoongozwa na Yuki Sugiyama ilichapisha matokeo ya jaribio ambalo limekuwa mashuhuri katika fani hii. Magari 22 yaliwekwa katika njia ya duara yenye mzingo wa meta 230, na madereva wakaambiwa waende kwa mwendo mmoja, kiasi cha kilometa 30 kwa saa. Hapakuwa na njia panda, tuta wala gari bovu. Baada ya muda mfupi yalijitokeza mawimbi ya kusimama na kuondoka, yakirudi nyuma kinyume cha mwendo wa magari. Kosa dogo la mmoja lilimfanya wa nyuma yake afunge breki zaidi kidogo, na wa nyuma yake zaidi tena. Waliokuwa wakiandika msongamano kwa kuutafutia kizuizi cha nje walipata jibu pale, na aliyeunda neno la Kiswahili hakuwa mbali nalo. Mwanafunzi anayeanza na neno foleni atatafuta askari, taa au daraja bovu. Anayeanza na msongamano ataangalia nafasi kati ya gari na gari.

Jaribio la Tucson, Arizona, mwaka 2016, lililoongozwa na watafiti wa vyuo vikuu kadhaa vya Marekani na kuwashirikisha wanafunzi, lilirudia duara hilo likiwa na badiliko moja. Kati ya magari yaliyozidi kidogo 20, moja liliongozwa na kompyuta. Gari hilo moja, kwa kuacha nafasi ya kutosha mbele yake na kukataa kukimbilia pengo, lilituliza mawimbi ya wote. Novemba 2022 jambo hilo lilijaribiwa kwa magari 100 katika barabara kuu ya Nashville. Matumaini makubwa yanayowekwa katika magari yanayojiendesha, kuhusu mtiririko, yanatoka hapo: kwamba machache tu yanaweza kuwatuliza wengi.

Dosari ya dereva

Uigaji unamwelezaje dereva? Kwa namba chache. Katika modeli ya mwaka 2000 ya Treiber, Hennecke na Helbing, dereva ni mwendo anaoutamani, muda anaouacha kati yake na wa mbele, kasi ya kuongeza mwendo, ukali wa breki anaouvumilia, na nafasi ndogo kabisa anayoiacha akisimama. SUMO, isipoelekezwa vingine, hutumia modeli ya Krauss ya mwaka 1998, ambayo ndani yake kuna kigezo kinachoitwa sigma. Sigma hupima dosari ya dereva: kusahau, kusinzia, kuchelewa kukanyaga mafuta. Thamani yake ya kawaida ni 0.5. Njia iliyozoeleka ya kuiga gari linalojiendesha ni kuiweka sigma kuwa 0 na kupunguza muda wa nafasi. Kwa maneno mengine, gari linalojiendesha hufasiliwa kuwa ni dereva aliyeondolewa dosari.

Fasili hiyo ni nyepesi, na kwa barabara ya njia nne yenye uzio katikati huenda ikatosha. Lakini kwa mtazamo wa lugha ina kasoro moja kubwa. Ukimwondoa dereva hukuondoa dosari zake peke yake. Umemwondoa na ulimi wake.

Yafaa itajwe, kwa haki, kwamba wahandisi wenyewe walihisi pengo hili. Mwaka 2007 Kesting, Treiber na Helbing walipendekeza modeli ya kuhama njia iliyo na kigezo walichokiita cha adabu. Kikiwa 0, gari huhama likijali faida yake tu. Kikiwa 1, hasara inayowapata jirani zake huwa na uzito sawa na faida yake. Mswahili akisikia hivyo hukumbuka kitenzi -pisha. Kupita ni kwa mtu mmoja, kupisha ni kumfanya mwingine apite, na kupishana ni kila mmoja kumfanya mwenzake apite. Kitenzi hicho cha mwisho, chenye utendesho na utendano pamoja, ndicho kinachotumiwa na kila mtu kwa magari mawili yanayokutana katika njia nyembamba, na hakuna anayekiona kuwa cha ajabu. Adabu imo ndani ya sarufi. Hata hivyo adabu ya modeli ya 2007 ni ya kimya: gari huhesabu hasara ya jirani bila jirani kusema neno. Kolo haiko hivyo.

Indiketa ya kulia

Chukuliwe mfano wa kawaida. Lori lenye tela, urefu wa meta 18, linapanda mlima kuelekea Bereko kwa kilometa 40 kwa saa. Nyuma yake kuna basi la meta 12 linaloweza kwenda 60. Basi likitaka kulipita, likiwa limeacha meta 15 kabla na meta 15 baada, ni lazima lishinde umbali wa meta 60 juu ya ule wa lori. Tofauti ya mwendo ni kilometa 20 kwa saa, yaani kama meta 5.6 kwa sekunde, hivyo basi litakaa katika upande usio wake kwa karibu sekunde 11. Katika muda huo basi lenyewe litakwenda meta 180, na gari linalokuja kwa kilometa 80 litakwenda meta 240. Dereva wa basi anahitaji kuona meta 420 za barabara tupu. Katika kona za vilima vya Irangi haoni hata nusu yake, na mbele yake kuna ukuta wa turubai.

Anayeona ni dereva wa lori. Yuko juu zaidi na yuko mbele. Akiona gari linakuja, huwasha indiketa ya kulia: usipite. Njia ikiwa nyeupe, huwasha ya kushoto: pita. Aliyepita hujibu kwa honi fupi, nayo ni asante. Utingo wa lori, akiwa na moyo, hutoa na mkono. Basi limeazima macho ya lori, na mkopo umelipwa kwa honi.

Ishara hiyo haimo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kisheria indiketa ya kulia ina maana moja, kwamba gari linakwenda kulia. Kwa hiyo katika barabara ya Kolo umbo moja lina maana mbili, na mwanasemantiki angetarajia maafa. Maafa hayatokei kwa kiasi kinachotarajiwa, na sababu yake inastahili kuangaliwa kwa makini kwa kuwa madereva, bila kikao chochote, wamefikia mpango mzuri mno. Indiketa ya kulia ikiwa na maana ya kisheria, lori linakata kulia, na anayelipita atagongwa. Ikiwa na maana ya madereva, gari linakuja, na anayelipita atagongwa. Maana ni mbili, ushauri ni mmoja. Indiketa ya kushoto nayo, iwe lori linapisha au linakwenda pembeni kuegesha, humwachia wa nyuma nafasi kwa namna zote mbili. Utata upo katika maana, haupo katika tendo linalotakiwa.

Utata wa kweli huingia usiku. Madereva wa malori huwasha indiketa ya kulia wanapopishana na gari linalokuja, ili kulionyesha ukingo wa lori ulipo. Sasa ishara moja ina wasikilizaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Tena kwa bahati njema haiwapotoshi: wa mbele ameonyeshwa ukingo, na wa nyuma ameambiwa kuna gari linakuja, jambo ambalo ni kweli.

Wengine watasema kwamba mkono wa kulia katika utamaduni wa Waswahili ni wa heri, wa kulia chakula na wa kutoa salamu, basi iweje uwe wa kukataza? Jibu ni kwamba ishara hii haikuchukuliwa katika utamaduni wa mkono. Imechukuliwa barabarani. Tanzania huendesha kushoto, na hatari huja kutoka kulia. Burundi, Rwanda na Kongo huendesha kulia, kwa hiyo mantiki ya ishara yenyewe hudai igeuzwe mara lori linapovuka Rusumo. Jinsi madereva wa masafa wanavyoshughulika na ugeuzaji huo katika kilometa za kwanza baada ya mpaka ni mada ya tasnifu inayomngoja mtu.

Basi na sasa badala ya basi liwekwe gari linalojiendesha, nyuma ya lorileule. Kamera yake inaiona indiketa ya kushoto vizuri kuliko jicho la dereva. Programu yake, iliyofundishwa maana ya kisheria, inatabiri kwamba lori linakwenda pembeni na huenda likasimama, kwa hiyo inapunguza mwendo na kuacha nafasi zaidi. Limealikwa lipite, nalo linarudi nyuma. Dereva wa lori anarudia mwaliko mara mbili, kisha anaacha. Nyuma ya gari hilo magari yanaanza kujipanga, na walio nyuma ya kundi, ambao lori hawalioni tena, wanaanza kupita kwa kubahatisha. Gari lenye sigma 0, lililowekwa ili kutuliza mawimbi, limezalisha foleni kwa utii wake.

Likiwekwa mbele hali si bora. Madereva wa nyuma wanangoja indiketa, kushoto au kulia, na gari haliwaambii kitu kwa sababu halijui kuwa linaulizwa. Kimya cha lori katika mlima wa Kolo nacho kina maana: dereva hana uhakika. Kimya cha mashine hakina maana yoyote, lakini kitasomwa kana kwamba kinayo.

Ishara nyingine zina hadithi fupi zaidi. Matawi yaliyolazwa juu ya lami kwa kupishana umbali husema kuna gari lililoharibika mbele, na kwa mashine ni takataka. Taa kubwa zinazowashwa na kuzimwa na gari linalokuja husema kuna trafiki mbele mwenye tochi, kile kifaa cha kupimia mwendo, au kuna ng’ombe barabarani. Anayepewa ishara hiyo hupunguza mwendo kwanza na kujua sababu baadaye. Athari yake kwa mtiririko wa magari ni kubwa kuliko ya tochi yenyewe, maana tochi hufika meta mamia machache na onyo la taa husafiri kwa kupokezana.

Kuhusu kupinga

Zipo hoja mbili zinazoweza kutolewa dhidi ya yaliyosemwa. Ya kwanza ni ya wanaisimu: kwamba indiketa si lugha, haina fonolojia wala sarufi. Hiyo ni kweli, na haidhuru kitu. Ni mfumo wa ishara wenye mapatano, na Saussure aliiweka isimu yenyewe ndani ya elimu pana ya ishara.

Ya pili ni ya wahandisi na ina nguvu zaidi. Ishara ya lori huweza kudanganya. Dereva amechoka, amekosea mwendo wa gari linalokuja, au indiketa imekwama na hana habari. Dereva wa basi aliyekubali mwaliko na kugongana hataweza kusimama mahakamani na kusema aliambiwa apite, kwa kuwa sheria haimtambui aliyemwambia. Je, mashine ifundishwe kutii neno lisilo na mwenye kuwajibika? Mhadhara huu unashikilia kwamba haifai kuitii, lakini ni lazima ilielewe. Dereva mzoefu mwenyewe hatii tu. Hupima: lori ni la nani, limetoa ishara mapema au kwa kusitasita, limejisogeza kushoto kidogo au limebaki katikati. Ishara humwongezea ushahidi. Katika uigaji jambo hili linawezekana kabisa: upewe kigezo kimoja zaidi, chenye thamani kati ya 0 na 1, kinachosema dereva huyu anaiamini kwa kiasi gani ishara ya wa mbele. Programu za kawaida zinaweza kuiga upitaji kwa kutumia njia ya gari linalokuja, ila kwa hesabu ya umbali na mwendo. Kwa kawaida yake hesabu hiyo haina mahali pa neno la lori.

Namba ya kuweka katika kigezo hicho haiwezi kukisiwa ofisini. Itapatikana kando ya barabara. Mwanafunzi akae Kolo na daftari na saa: ishara ngapi za kushoto zilitolewa, ngapi zilikubaliwa, baada ya sekunde ngapi, mchana na usiku, kwa basi, kwa gari dogo na kwa bodaboda. Kisha awaulize madereva, na awaulize kwa Kiswahili, kwa sababu maelezo yao yatakuja kwa Kiswahili na yatakuwa na maneno ambayo hojaji iliyotafsiriwa haitayapata. Kazi ya kumwandaa mwanafunzi wa uhandisi kwa mazungumzo hayo ni ya idara za Kiswahili, na idara nyingi bado hazijaiona kuwa yao. Ufundishaji wa uhandisi ni wa Kiingereza, na matokeo yake ni kwamba msichana aliyezaliwa Kondoa anaweza kueleza kwa ufasaha modeli ya Karlsruhe na akashindwa kumweleza mjomba wake, dereva wa Fuso, anachokitafuta.

Kuna haraka pia. Madereva walioijua ishara hii wakati barabara ilikuwa ya udongo, ambao wanaweza kusimulia jinsi ilivyobadilika lami ilipokuja na mwendo ukaongezeka, wanazeeka na kuacha usukani. Usukani, kwa njia, ni neno la baharini lenye asili ya Kiarabu. Lilishikwa na nahodha kabla ya kushikwa na dereva, na lilipopanda bara halikuhitaji kubadilishwa. Gari ni la Kihindi. Kila lilipokuja chombo kipya Kiswahili kilikipatia jina na kikaendelea, hata gari linalojiendesha limekwishapata lake. Kiambishi -ji- ndani yake kinasema kwamba mtenda na mtendwa ni kitu kimoja.

Kuhusu jina hilo limebaki swali moja la sarufi, nalo laweza kuanza kufanyiwa kazi sasa hivi. Gari ni la ngeli ya LI-YA: gari limepita, gari hili. Lakini katika mazungumzo ya madereva na utingo mara nyingi husikika upatanisho wa viumbe hai: huyu Scania anataka nini, Fuso kanipisha, yule wa nyuma hana subira. Upatanisho huo huenda kwa dereva asiyeonekana, kupitia chombo chake. Anayesema “kanipisha” amemwona mtu ndani ya tendo. Lori lisilo na mtu ndani litakapopanda mlima wa Kolo na kusogea pembeni, utingo wa basi lililo nyuma atasema “kanipisha” au “limenipisha”? Ili jibu litakapopatikana liwe na cha kulinganishwa nacho, inahitajika rekodi ya usemi wa madereva wa leo, iliyokusanywa kabla ya lori hilo kufika.